Stima Kichwani mwa Dhahabu

Dhahabu alishona sare za shule huko Mikindani mpaka koo lake lilipofunga. Wali ulimkaba, uji akaumeza kwa kijiko. Kifua kikawaka moto, miguu ikafa ganzi. Alipimwa kila kitu, hata kamera ikashushwa tumboni, na kila mara akaambiwa hana kidonda. Hapo ndipo alipoogopa hasa. Ugonjwa usioonekana, nani atauondoa? Akaacha cherehani, akaacha hata kuoga.

"Nikifa wasinipasue," alimwambia mumewe, Matthew, kuli wa bandarini. "Hawataona kitu."

Matthew akampeleka kwa daktari wa akili, Daktari Mwende. Miezi mitano ya vidonge haikuleta nafuu. Dhahabu akabaki mifupa.

"Maumivu yako ni ya kweli, mama," daktari alimwambia. "Lakini sonona, ile huzuni iliyogeuka ugonjwa, imeyakalia, na dawa zimeshindwa kuing'oa. Tutakulaza kwa dawa ya usingizi, tupitishe stima kichwani sekunde chache."

Dhahabu aliinuka akashika mlango. Kakake Nguma alikufa mbele ya macho yake, amenata kwenye waya wa stima ya wizi juu ya bati.

"Stima naijua mimi, daktari. Harufu yake naijua."

Alikataa wiki mbili. Kisha hata maji yakagoma kushuka, akatia sahihi fomu ya kukubali.

Asubuhi ya kwanza wauguzi walimpaka kitu cha baridi pajini mwa uso. Matthew alikuwa ametolewa nje. Dhahabu akashika ukingo wa kitanda.

"Hesabu mpaka kumi, mama."

Alifika nne.

Alipozinduka alimtazama Matthew aliyeinama juu yake. "Kaka, hapa ni wapi?"

Matthew aliegemea ukuta. Alijilaumu kwa saa nzima, hadi mkewe alipomwita kwa jina.

Safari ya pili Dhahabu alitapika kwa hofu kabla hajafika kitandani. Ya tano, aliamka akaomba wali, akaula taratibu, chembe kwa chembe, akilia.

Alimaliza safari zote kumi. Krismasi ya mwaka ule haikumbuki kabisa, na miguu bado humfa ganzi siku nyingine. Lakini anakula, anashona hadi adhuhuri, na vidonge humeza kila siku.

Daktari hakuwaficha kwamba maradhi yanaweza kurudi.

"Yakirudi, utakubali tena?" Matthew alimuuliza.

"Nitakwenda," akasema. "Na nitaogopa vilevile."