Meno ya Spika

Mtaani walimwita Spika, na hawakumsingizia. Kazi yake ilikuwa kusherehesha arusi, na akishika mikrofoni hata mpishi aliacha sufuria aje kusikiliza. Meno yake ya juu yalipomwisha aliwekewa ya bandia, meupe, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Hakuyavua asilani. Alikula nayo, akalala nayo, akaota nayo, maana aliapa mkewe hatamwona kibogoyo.

Kaakaa likaanza kumwasha. Akasingizia pilipili, mara vumbi, mara mikrofoni za kukodi. Siku moja, katikati ya kummwagia sifa bwana arusi, alishika taya akanyamaza. Ukumbi mzima ulidhani umeme umekatika.

Kesho yake alikwenda kliniki ya meno, akapokewa na daktari wa kike, kijana, aliyekuwa akitafiti fangasi wa mdomoni.

"Baba, usiku unayavua?"

"Niyavue ya nini? Mwizi akija nitamzomea na nini?"

Daktari alicheka, akamvulisha kidogo, akampitishia pamba kaakaani, akamrudishia, kisha akamwita kwenye hadubini. Spika akainama, akaona vijiduara na nyuzi zimetambaa kila upande.

"Hawa ndio kina nani?"

"Wapangaji wako. Kila mdomo unao wachache, na kinga ya mwili huwachunga. Wewe umewajengea nyumba: plastiki ina vijishimo, mate hayapiti chini yake, na hakuna anayewagongea mlango."

Akampa dawa, akamweleza utafiti wake. Alikuwa na plastiki mpya, ambayo fangasi walitakiwa kuteleza wasipate pa kushika. Alihitaji watu wa kuijaribu, lakini wazee walimkwepa. Nani atangaze kwamba meno si yake? Spika akakubali, akabandikiwa vipande vya plastiki hiyo upande wa ndani wa meno yake. Sharti lilikuwa moja: kulala bila meno.

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Jioni ile alimkuta mkewe anakunja nguo.

"Mama watoto, nina jambo."

Akaukabili ukuta, akayavua, akageuka na mashavu yamebonyea. Mkewe alimkodolea macho, kisha kicheko kikampiga mwereka hadi sakafuni.

"Kumbe ndiyo maana unalala umefumba mdomo kama bahasha! Mwenzangu, ungesema tu!"

"Nithamehe," alisema Spika.

Mkewe akaanza upya. Spika alitaka kununa, lakini kununa bila meno nako kuna kazi yake. Akajikuta amekaa pale sakafuni, juu ya nguo zilizokwisha kunjwa, wanacheka wote.

Kaakaa likapoa. Plastiki je? Fangasi walipungua kweli, ila vipande vilipasuka upesi. Daktari alirudi maabara kuanza upya, uso umemshuka.

"Watu nitawapata wapi tena, baba?"

"Binti yangu, hilo niachie mimi."

Arusi iliyofuata, keki ilipokwisha kukatwa, Spika aliyavua meno yake mbele ya kadamnasi, akayainua juu.

"Ndugu zangu, haya thi yangu! Na ya kwenu je?"

Kisha shangazi wa bibi arusi, mwenye maringo kuliko wote pale, akasimama taratibu na kuyainua ya kwake. Ukumbi ukalipuka.

Jumatatu daktari alipofungua mlango, benchi la nje lilikuwa limejaa wazee, wanabishana nani alitangulia kufika.