Neno "bahari" lilivyoniumbua darasani Minnesota, na nilivyorudi kulieleza upya

Wakuu, salaam popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi wala sijaazima kisa cha mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, wa kwanza kati ya wanne. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikalea wadogo zangu. Wote wamesoma. Aliyebaki bila cheti nyumbani kwetu ni mimi.

Sasa nahudumia wazee hapa Coon Rapids, na kila Jumamosi naingia class ya watu wazima nipate diploma ya sekondari. Ili umalize, lazima usimame mbele ya wenzako ueleze asili ya neno moja la lugha yako. Ukishindwa, unarudia muhula mzima.

Nikachagua bahari.

Mdogo wangu Hamisi, anayekaa Lakeville, akanicheka kwenye simu. "Dada, bahari yenyewe umeiona mara ngapi?"

Mara mbili, wakuu. Na moja ilikuwa kwa juu, nikiwa kwenye ndege.

Basi nikasimama, nikatamba kwamba ni neno letu la Kibantu tangu enzi na enzi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na uhakika tu.

Mwenzetu mmoja kutoka Sudan, tunamwita Mama Amna, akanyoosha mkono taratibu. Akasema kwa Kiarabu bahari ni bahr, na kwao hata mto Nile wanauita hivyo hivyo. Class nzima ikanigeukia. Nilitamani kuchukua koti langu niondoke moja kwa moja. Mwalimu akanipa nafasi ya mwisho, Jumamosi inayofuata.

Hamisi akasema nimwachie, ataniandikia presentation yote kwa nusu saa, kazi yangu iwe kusoma tu. Ana digrii, anaweza. Nikamwambia nilimfulia sare miaka yote ile bila kumfanyia mtihani hata mmoja, kwa hiyo na wangu asiuguse.

Wiki ile kila break ya kazini nilikuwa na daftari. Nilimfuata Mama Amna kwake Inver Grove Heights, akanitamkia neno lile mpaka nikalishika, na wali akanilisha. Nikapekua kamusi. Nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili, naye akafurahi kuliko mimi.

Nilichopata ni hiki. Neno limetoka Kiarabu, kweli. Watu wa pwani walifanya biashara na Waarabu kwa karne nyingi, na neno likahamia. Sisi tukaliongezea irabu, maana Kiswahili hakipendi neno liishie hewani. Tukalivika -ni, likawa baharini. Washairi nao wanaita aina za mashairi bahari, na hilo pia lina mizizi huko huko Uarabuni. Ila pwani ni la kwetu, linatokana na kupwa, maji yanaporudi nyuma.

Kabla ya hapo wahenga waliitaje bahari? Sikupata. Na darasani nilisema wazi kwamba sikupata.

Jumamosi ikafika, nikasimama tena. Nikaeleza yote, hatua kwa hatua.

Nilipomaliza, mwanafunzi mmoja wa Liberia akauliza: "Kwa hiyo neno si lenu?"

Nikamjibu: "Nina wadogo watatu. Sikuwazaa, niliwalea. Kawaulize wao ni wa nani."

Mama Amna ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Nimefaulu, wakuu.

Nilichojifunza: kukosolewa mbele za watu kunauma siku mbili tatu, halafu kunapita. Lakini ningekubali mtu aniandikie, leo ningekuwa na cheti cha Hamisi chenye jina langu.

Haya, wa Ukerewe, Kigoma na Nyasa, kwa kilugha chenu maji makubwa mnayaitaje, na neno mlilipata wapi? Karibuni. Ila njooni na ushahidi.