Aya ya Sita

Kaka yangu amepika miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari ya watoto wenye disleksia, wale ambao akili wanazo tele ila herufi hazitulii machoni mwao. Na yeye mwenyewe hajui kusoma. Cheka kama unataka. Mimi nimeshachoka kulia.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, mdogo wake, mfuaji wa shuka za bweni hapohapo. Utotoni tulisoma darasa moja, maana yeye alirudia mpaka nikamkuta. Mwalimu alitusomesha kwa zamu, kila dawati aya moja. Mimi nahesabu vichwa, naona aya ipi itamwangukia kaka, namnong'oneza mara mbili. Akifikiwa anaitoa yote bila kukosea, kitabu mkononi, macho kayakaza. Siku nilipougua alichapwa mpaka kiganja kikavimba, na baba akamwongezea nyumbani, eti mtoto mvivu. Hakurudi tena shuleni.

Jikoni hakuhitaji herufi. Wanafunzi wanamwita Mwiko. Anajua karanga zitamziba nani pumzi, nani maziwa hayamkubali, nani hagusi mayai, watoto zaidi ya mia, kwa sura. Orodha yao imebandikwa ukutani. Kila mwanzo wa muhula namsomea mara mbili, basi, imeingia. Miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeugua kwa chakula chake, hata mmoja.

Mwaka huu tukaletewa mkuu mpya wa shule, mama wa miwani na mafaili. Kwa watoto ni mzuri, simsingizii. Pale ni marufuku kumlazimisha mwanafunzi asome kwa sauti mbele ya wenzake. Mwalimu mmoja alijaribu akapewa barua ya onyo. Lakini mkuki kwa nguruwe. Sisi wa jikoni, wa kufua na wa bustani tukaitwa kwenye ukumbi wa chakula, tukagawiwa kanuni mpya za jikoni, na mama akataka kila mmoja asome aya moja kwa sauti, kuanzia mlangoni, ajue kama tumeelewa.

Kaka akanitazama. Nilikuwa nimekaa wa tano, yeye wa sita. Nikajifanya nakohoa, nikamnong'oneza aya ya sita mara mbili, ile ya visu vya nyama visichanganywe na vya mboga. Akaitikia kwa kichwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, kijasho kinamtoka kama mtoto.

Wa kwanza alikuwa bado anasoma pale mtunza bustani alipoingia, kachelewa kama kawaida yake, akavuta kiti karibu na mlango. Mama akampa karatasi, akamwambia asome ya pili. Hapo nikaelewa. Zamu iliposogea, aya ya sita ikawa yangu.

Ningeweza kusema nimesahau miwani. Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nikaogopa kazi yangu, nikafyata mkia. Nikaisoma. Nilimnyang'anya kaka yangu tonge mdomoni, mchana kweupe, kwa sauti nzuri kabisa.

Kaka akachukua karatasi yake, akaiinua, akarudia neno kwa neno yale niliyotoka kusoma mimi. Watu wakaangua kicheko, wakadhani Mwiko analeta utani wake. Mama hakucheka. Akamwendea, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa pameandikwa nini?"

Kaka akaishusha karatasi. Vicheko vikafa kimoja kimoja, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kesho yake aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa naanika shuka alipotokea, karatasi mkononi, uso umechangamka kuliko nilivyotarajia. Akanisimulia jinsi mama alivyoongea naye kwa upole, akamwambia hali yake ina jina, si uvivu, na kwamba mtu hachelewi kujifunza. Jamani, miaka hamsini kaka alikuwa anasubiri mtu amwambie si mvivu. Akaambiwa tia saini hapa, akatia. Mwanafunzi wa shule ile hatii saini kitu kabla hajasomewa, ni sheria yao. Kaka hakusomewa.

"Mdogo wangu," akasema, "nisomee pale panaposema darasa langu linaanza lini."

Nikaisoma kimya, juu hadi chini, kisha nikaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Nilimchukia yule mama, nikajichukia mimi zaidi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, maana nimemdanganyia watu maisha yake yote. Yeye sijawahi kumdanganya. Nikamsomea ilivyoandikwa: kwamba ameomba mwenyewe kuacha kazi, kwa hiari yake, kuanzia leo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya pili alikuwa ameshaishika yote.