Litania ya Kitabu cha Sita

Najua mkinikuta saluni bado mnachekea viganjani, basi acheni niwaeleze mwenyewe, maana Mama Béatrice ameutia mkasa huu chumvi (ingawa, kusema kweli, si nyingi).

Mimi ndiye kiongozi wa shirika letu la Wakongomani Wakatoliki hapa Durban, na siku moja baada ya misa nilisimama nikawaonya wazazi kuhusu vile vitabu vya katuni vya Kijapani wanavyosoma mabinti zetu, vya wanafunzi wanaopendana shuleni. Nikasema ni mlango wa shetani. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, lakini jalada nilikuwa nimeliona, na sketi nilikuwa nimeipima kwa macho. Wiki hiyohiyo nikamnyang'anya binti yangu Grâce vitabu sita, nikamwambia nimevitupa takatakani. Alilia, kwa sababu havikuwa vyake, vilikuwa vya Thandeka, rafiki yake wa Westville, na tangu hapo akawa anamkwepa shuleni.

Sikuvitupa. Nilitaka kuchungulia kimoja tu, nipate ushahidi wa kumpelekea Padri, na ushahidi ukawa mtamu: kijana kampenda msichana wa dawati la mbele, vitabu vitano vizima vinaisha na hajathubutu hata kumshika mkono (kwaya yetu ingekuwa na adabu hiyo, Padri angelala usingizi). Cha sita nikashindwa kukingoja jioni, nikakivisha lile jalada la kitenge ambalo akina mama wote tulishonea vitabu vya sala sikukuu ya Bikira Maria, nikawa nakisoma kwenye taxi nikienda kazini, uso wa kitakatifu, na abiria wananipisha kwa heshima.

Alhamisi shirika likaja kusali rozari kwangu. Nikachukua kitabu chenye kitenge, nikafungua niongoze litania, nikakuta kijana na msichana chini ya mwavuli mmoja. Ningekifunga tu yakaisha, litania naijua kwa kichwa! Lakini nikajifanya nasoma, nafunua kurasa, wenzangu wanaitikia "utuombee", na Mama Béatrice, ambaye hajawahi kufumba macho kwenye sala hata siku moja, akaniinamia.

"Mama Prezidenti, mbona uko unafungua kitabu kinyume?"

(Vile vitabu huanzia nyuma, ndivyo wanavyosoma Wajapani.) Nikajibu mbio mbio, "Hiki ni kitabu cha sala cha Wakatoliki wa Japani."

Eish! Litania ikafa palepale, kila mama akataka kukiona, kikapita mkono kwa mkono.

"Na huyu wa jupe fupi, ni mutakatifu gani?" akauliza Mama Béatrice, kidole juu ya sketi.

"Shahidi wa kule kwao," nikasema. "Aliteseka sana."

Mama Béatrice akapiga ishara ya msalaba, akambusu yule msichana kwenye paji la uso.

Hapo ndipo Grâce akaingia na sinia la chai. Akatazama picha, akanitazama mimi.

"Mama, hiki si kitabu cha Thandeka? Ulisema ulikitupa."

Kicheko kilisikika mpaka ghorofa ya chini, lakini Grâce hakucheka. Aliweka sinia polepole, akarudi chumbani, akafunga mlango. Kwa akina mama niliona aibu. Kwa mtoto wangu niliumia.

Nilipoungama, Padri alikohoa muda mrefu mno kwa mtu mzima wa afya, kisha akanipa malipizi: nivirudishe mwenyewe na niombe radhi. Jumamosi nikasimama Westville, Grâce kando yangu, nikamwomba radhi msichana wa miaka kumi na tano mbele ya mama yake na mbwa wao wawili. Thandeka akasema, "Sharp, Ma," yaani yamekwisha, kisha akampa Grâce kitabu cha saba.

Nimeapa: sitahukumu tena kitabu kwa urefu wa sketi, na kitenge cha Bikira Maria nimemwachia Bikira Maria. Grâce ananisalimia sasa. Ila cha saba anakisomea sebuleni, mbele ya macho yangu, anacheka peke yake, kisha anakifungia kwenye begi la shule, nami sina uso wa kumuuliza kama yule kijana ameshamshika mkono.