Jina la Kozi na Nyasi Mkononi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, neno moja tu la Kiswahili lilipolinyamazisha boma letu zima. Neno lenyewe lilikuwa kilimo.

Nitakusimulia polepole, maana siku hizi nachoka upesi. Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, wazazi huja hapa kwangu Kitengela, wakakaa kwenye kiti hicho ulichokalia na kuniuliza mtoto asomee nini ili atoke akiwa nani. Nawapa chai. Jibu langu hulipenda wachache. Leo umekuja wewe mwenyewe, bila wazazi wako.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefaulu vizuri, na mwalimu ametuambia turudi nyumbani tukazungumze na wazazi kabla ya kuchagua kozi za chuo kikuu. Boma letu lilikuwa huko uwandani, zamani zile Kitengela ikiwa maduka machache na vumbi jingi. Baba alikuwa ameshaamua. Aliwahi kuja injinia kutuchimbia kisima, wazee wakamchinjia mbuzi, na tangu hapo baba alilipenda jina hilo kama wimbo. "Binti yangu atakuwa injinia," aliwaambia watu, hata wasiomuuliza.

Baba mdogo naye alikuwa na lake. "Huyu ni msichana. Asomee sayansi kimu. Mume wake atakula mayai yaliyopikwa na digrii!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

"Na wewe mwenyewe?" baba akaniuliza.

"Nataka kilimo, Papa."

Baba mdogo aliacha kukohoa. Hata mama aliacha kuosha kibuyu. Wewe umezaliwa mjini, labda hujui neno hilo lilikuwa na uzito gani kwetu. Kwa wazee wa Kimaasai wa wakati ule, ardhi haipasuliwi. Nyasi ni za ng'ombe, na mtu anayezikata mizizi kwa jembe ni kama anayemkata ng'ombe titi. Mimi kichwani nilikuwa na nyanda za malisho, udongo na mvua, maana chuoni yote hayo yaliwekwa chini ya kilimo. Baba aliona jembe tu.

"Nimekulea kwa maziwa ili ukachimbe?" alisema taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha. "Usitegemee nitaita ukoo wakuchangie. Hakuna harambee ya jembe hapa." Akachukua fimbo yake, akatoka.

Nilijua maana yake. Bila baba kuita ukoo, chuo kingebaki jina la kusoma kwenye gazeti, na kabla ya mvua nyingine ningekuwa mke wa mtu.

Nililia kwa bibi yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Koko. Nilitarajia anifute machozi. Alinigombeza.

"Umesoma mpaka umesahau unaongea na nani," alisema. "Umemwekea baba yako jembe mkononi, halafu unashangaa amelitupa. Hilo jina ni la nani? Ni la hao wa chuo. Wewe uko na kitu gani moyoni? Mwambie hicho."

"Hatanisikiza, Koko."

"Basi kashike nyasi."

Kwetu, mwanangu, mtu akisimama mbele yako ameshika nyasi, hata ukiwa na hasira ya simba, unatulia umsikilize. Asubuhi nilimkuta baba langoni akikagua ng'ombe wanavyotoka. Nilisimama na nyasi zangu mkononi, kavu na fupi, maana ndizo zilizokuwapo. Aliziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

"Sema."

"Papa, ule mwaka wa ukame ng'ombe walipokufa, si baadaye mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha."

"Mbona kule bondeni nyasi hazikuota?"

"Hiyo Mungu ndiye anajua."

"Ndiyo, Papa. Nataka niende nikamuulize."

Aligeuka, nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. "Kwa hivyo unaenda kusomea nyasi?"

"Nyasi, na udongo unaozikataa."

"Na hiyo ndiyo wanaita kilimo?"

"Ndiyo wanaita hivyo."

"Hao watu hawajui kupatia kitu jina," alisema. Akaita ukoo. Mzee mmoja alipouliza kwa kejeli kama nyasi husomewa, baba alimjibu, "Wewe hukusoma, na ng'ombe zako ziko wapi?"

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekudanganya. Nilisoma, nikarudi, nikafanya kazi Kajiado nzima. Katika miaka ya elfu mbili ukame ulirudi. Nyanda zilikatwa vipande, zikawekwa seng'enge, na nyasi nilizozijua kwa majina zikafunikwa na mawe ya kujengea. Baba alikuja siku moja, mzee sasa, akasimama mlangoni na kuuliza, "Hizo nyasi ulizosomea ziko wapi?" Nilimvutia kiti. Mimi na wenzangu kazini tulipumzisha malisho pale tulipokubaliwa, na ndama wachache wakapona. Basi. Elimu si mvua, mwanangu.

Hata hivyo sijawahi kulichoka lile swali la bondeni, ingawa kazi imenichosha. Rafiki yangu aliyechukua sayansi kimu alichekwa kwamba anaenda kusomea chapati. Yeye alitaka kujua kwa nini maziwa ya mama yake yaliharibika kabla ya kufika soko la Ngong, na bado anawafundisha akina mama hilo. Mwingine alichukua uhandisi kwa sababu jina lilimpendeza babake. Amekuwa injinia kweli, na kila tukikutana hunieleza anavyohesabu miaka ya kustaafu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Basi ukirudi nyumbani leo, usianze na jina la kozi. Waambie wazazi wako kitu ulichokiona kikiharibika na kinachokusumbua, kwa maneno wanayoyatumia wao. Ukishakijua, ndipo uangalie kama mlango wake ni kilimo, sayansi kimu au uhandisi, na uulize ndani ya kila mlango kuna nini, maana majina yanaficha. Usimwahidi mtu kwamba utaokoa nchi. Na wazazi wakikasirika, wape heshima kwanza, hoja baadaye.

Nenda sasa. Mungu akupe walimu wenye subira na viatu visivyoisha soli upesi. Na siku utakayorudi, umkute nyumbani mtu atakayekuuliza umekula nini, kabla ya kukuuliza umekuwa nani.