Kupiga Pompi Ofisini

Kuna wakati shingo yangu ilikataa kabisa kugeuka upande wa kushoto. Mtu akiniita kutoka mlangoni, nilikizungusha kiti kizima. Kazi yangu ilikuwa, na ingali, kukaa mbele ya kompyuta katika ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo, si mbali na mtaa wa Majengo, malori yetu yakienda Rutshuru na kurudi na maharage na viazi. Asubuhi nilikuwa mzima. Lakini tukishakula mchana, fufu ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwili ulizimika kama jenereta iliyoishiwa mafuta. Nilikunywa kahawa, nikanawa uso, bado macho yalijifunga mbele ya wateja.

Mume wangu aliponiona nalala na kijiko mkononi, akanituma hospitali. Nikapokelewa na kine, ndivyo tunavyowaita hapa wale wanaotibu viungo kwa kukanda na mazoezi. Alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye vidole vya chuma. Alinikanda mpaka machozi yakanitoka, kisha akaniambia nikae kama ninavyokaa kazini. Nikakaa. Akanitazama kifua.

"Mama, unapumua kama mutu mwenye anajificha," akasema.

Nilikuwa nimewahi kujificha kweli, mimi na wanangu chini ya kitanda, risasi zikilia barabarani. Sikujua kwamba kifua nacho kinakumbuka.

Akanifundisha taratibu. Ukae ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili chini. Uvute hewa kwa pua mpaka tumbo lijae, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Upandishe mabega hadi masikioni, uyaachilie yaanguke. Ushike mgongo wa kiti ugeuke, kwanza huku, halafu kule. Mwisho ufumbe macho, unyooshe mikono yote juu, uvute tena hewa. "Bazungu banaita yoga," akasema, "lakini usiogope jina. Ni kiti yako na pumuzi yako tu."

Aliyeogopa jina ni mwenzangu wa ofisini. Yeye ndiye aliyepokea wateja pale mbele, mama wa Kiislamu wa Majengo, ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara zao. Siku ya kwanza aliponiona nimefumba macho nikivuta hewa, alidhani naumwa. Nilipomweleza, akakunja uso.

"Yoga? Hiyo si dini ya batu bengine?"

"Mama, mi niko Mukristo, na Jumapili niko kanisani. Hapa ninapumua tu."

Akanitazama siku kadhaa. Aliona nimeacha kusinzia. Aliona nacheka na wateja saa ambazo zamani nilikuwa nawafokea. Mchana mmoja akavuta kiti chake karibu na changu, akatengeneza mtandio wake vizuri, akasema, "Kupumua nitapumua. Ile jina njo sitaki." Tukavuta hewa pamoja, tumbo likajaa, tukaiachilia. Akasema ni kama madereva wetu wanavyojaza tairi upepo kwa pompi. Tangu siku hiyo, tukimaliza kula, mmoja humwambia mwenzake, "Twende tupige pompi."

Patron wetu, mwenye ofisi, hakujua lolote. Ni mzee mnene, mpole, mwenye maneno machache, ambaye kwa kawaida mchana alikwenda kula nyumbani kwake. Siku moja mvua kubwa ikamrudisha mapema. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikia gari, wala mlango. Sisi tulikuwa mwisho wa mazoezi, tumekaa kimya bega kwa bega, macho tumeyafumba, mikono yote minne juu.

Nilipofumbua macho, patron alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka. Naye alikuwa ameinua mikono. Mkoba wake ulikuwa sakafuni.

"Beko wapi?" akanong'ona.

"Banani, patron?" mwenzangu akauliza.

"Bale benye silaha."

Ndipo tukaelewa. Tukashusha mikono haraka, naye akashusha yake polepole, akitazama nyuma ya mlango. Nikamweleza kwamba ni mazoezi tu. Nilidhani tumefukuzwa kazi. Lakini alikaa tu kwenye kiti cha wateja, akashika magoti. Akatuambia jambo ambalo miaka yote hatukuwahi kulisikia: kwamba aliwahi kusimamishwa kwenye barabara ya Rutshuru, mikono juu hivyo hivyo, mpaka jua likazama. Na tangu hapo halali vizuri.

Mwenzangu akainuka, akafunga mlango wateja wasiingie, akakaa mbele yake kama anayemtuliza mtoto mwenye homa.

"Muzee, weka mukono ku tumbo. Vuta. Usikimbie. Sasa achilia."

Pumzi za kwanza zilikatikakatika. Baadaye zikaanza kushuka. Mvua ilikuwa bado inapiga alipotazama ile mikono yake, akatutazama sisi, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kutikisa kiti. Tukacheka wote watatu hadi mwenzangu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku iliyofuata patron alikula ofisini, pamoja nasi. Kuinua mikono juu tuliacha kwa ajili yake. Tunaitandaza pembeni tu, naye anafuata.

Wiki moja baadaye mke wake akapiga simu. Nikaipokea.

"Mulimufanya nini muzee wangu?" akauliza. "Asubuhi anakaa mu kiti inje, anafumba macho, anapumua. Na usiku analala mpaka anakoroma!"

Nikaomba radhi kwa mikoromo.

"Hapana, aendelee," akasema. "Na miye naweza kuja?"

Nikamwambia aje wakati wa chakula, tutamwekea kiti.