Barua ya Kiangazi na Mchimba Kisima

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa chuo cha ualimu, si mbali na Iguguno. Kila kiangazi kilipoingia, Mkuu wa chuo, Mzungu mpole, aliwakusanya wafanyakazi uwanjani na kuwasomea barua ya msimu. Aliyeipiga taipu ni mimi.

Mwaka ule alisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha kujifunza. Bwalo limeezekwa bati. Mtama umekubali. Kisima kipya kimetoa maji matamu. Akatushukuru, akangoja makofi kama kawaida. Hakuna aliyepiga.

Mpishi, mkubwa wetu kwa umri, akasimama.

"Bwana Mkuu, kwetu habari ya msiba hutangulia. Tumekaa tunaingoja mpaka umemaliza."

"Msiba upi?"

"Wa mchimba kisima. Yule aliyefukiwa na udongo mvua zilipokuwa zinaisha."

Mkuu akawa mwekundu. "Lakini mazikoni nilikuja, mzee."

"Ulikuja, Bwana. Barua haikuja."

Mkuu akanigeukia mimi. Nikatazama viatu vyangu, maana nilipoandika neno kisima sikumkumbuka mtu yeyote. Basi akavua kofia, akaikunja karatasi, akaanza upya bila kusoma. Safari hii alianza na marehemu, na wote wakasimama.

Tangu hapo nimesoma taarifa nyingi za wakuu. Kila moja ina kisima chake kipya. Mimi huwa namtafuta aliyekichimba.